Ngozi na Nywele Zetu: Nyumba Nzima kwa Siku Moja

Somo hili ni la kusomwa kwa sauti katika mkutano wa kikundi. Likiwa refu, ligawanyeni mara mbili. Mwenye kusoma asome polepole, na anayejua Kiborana awafasirie wazee pale Kiswahili kinapokuwa kigumu.



Safari hii tunazungumza juu ya ngozi na nywele. Wengine watacheka waseme hayo ni mambo ya wasichana wa mjini. Sivyo. Mtoto mwenye upele halali usiku. Anajikuna mpaka asubuhi, halafu akifika shuleni anasinzia. Mama yake naye halali. Kucha chafu zinafungua ngozi, kidonda kinaingia usaha, na wadudu wa usaha huo wanaweza kuharibu mafigo ya mtoto. Ndiyo maana mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka upele kwenye orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Kwa hiyo si jambo la urembo tu, ingawa urembo nao tutaufikia.

Hapa Biliqo, kama kwingine katika Merti na Isiolo yote, shida ya kwanza ni maji. Kwenye ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mapema 2023, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Kila mama anajua jinsi jerikeni moja inavyogawanywa wakati kama huo: kwanza ya kunywa, kisha ya kupika, kisha ndama na wana-mbuzi walio dhaifu. Maji ya kuoga ndiyo ya kwanza kukatwa. Hatumlaumu mtu kwa hilo. Swali letu ni hili: kwa maji hayo machache tuliyo nayo, ni mazoea gani yanasaidia kweli, na ni yapi yanapoteza maji na pesa bure?

MAJI MENGI AU MAJI SAFI?

Mwaka 1972 watafiti watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, walitoa kitabu juu ya wachota maji wa Kenya, Uganda na Tanzania. Waliyapanga magonjwa ya maji katika mafungu. Fungu moja ni la magonjwa yanayotokana na kunywa maji machafu, kama kipindupindu. Fungu lingine ni la magonjwa yanayozidi kwa sababu watu hawana maji ya kutosha kunawa na kuoga. Magonjwa mengi ya ngozi na ya macho yamo katika fungu hili la pili.

Maana yake kwetu ni kubwa. Maji ya chumvi ya kisima, au maji yenye rangi kidogo yasiyofaa kunywa, bado yanafaa kuoga. Usimnyime mtoto kuoga eti maji masafi yamekwisha. Tenga jerikeni mbili: moja ya kunywa na kupika, yenye kifuniko, nyingine ya mwili na nguo. Kitu kimoja tu: maji yaliyotuama ambamo mifugo huingia na watu hujisaidia karibu, hayo yaacheni.

Mtu mmoja anahitaji maji kiasi gani kuoga? Wenzetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa, wanalo jibu la zamani. Katika masimulizi yao Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja au kuzidi kidogo. Pishi moja ni karibu lita 3 tu. Nasi tulio Wakristo tumkumbuke Naamani katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5: jemadari mkubwa aliyekasirika kuambiwa aende tu akaoge mtoni. Alitaka jambo kubwa zaidi. Watumishi wake ndio waliomtuliza.

Basi lita 3, kikombe, na karai. Anza na uso, kabla mikono haijachafua maji. Kisha kwapa, sehemu za siri, katikati ya vidole na miguu. Sabuni itie hapo tu. Mikono, mapaja na mgongo vioshe kwa maji. Sabuni ya kipande ya kufulia ikipakwa mwili mzima kila siku inaondoa mafuta ya ngozi, na hewa ya huku ni kavu tayari. Kwenye maji ya chumvi sabuni haitoi povu. Watu huongeza sabuni zaidi na zaidi, halafu hawana maji ya kuisuuza, na ngozi inawasha. Mkiwa na hayo, tieni sabuni kidogo na muisuuze vizuri.

Baada ya kuoga paka mafuta ngozi ingali na unyevunyevu. Usingoje ikauke. Mafuta hayaleti maji ndani ya ngozi, kazi yake ni kuyafungia yale yaliyopo. Mafuta ya mgando ya bei nafuu yanafanya kazi sawa na ya chupa nzuri yenye harufu, na pengine vizuri zaidi kwa mtoto, kwa kuwa manukato huchokoza ngozi nyororo.

Kwa mikono, kila boma linaweza kuwa na kibuyu chirizi: jerikeni ya lita 5 iliyotobolewa tundu dogo karibu na mdomo, ikaning'inizwa kwa kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Inatoa maji kidogo sana kila mara, na hakuna anayeishika kwa mkono mchafu. Sabuni ifungwe kwa kamba hapo hapo, mbuzi wasiile.

UPELE: HUOGESHI MBUZI MMOJA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Upele unaletwa na mdudu mdogo mno, jamii ya kupe na utitiri. Hafiki nusu milimita. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Hupenda katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kiunoni, kwapani, matakoni, kwenye matiti ya kina mama na sehemu za siri za wanaume. Kwa watoto wachanga huingia hata nyayo, viganja na kichwa. Kuwasha kunazidi usiku.

Kwa kuwa mdudu yuko ndani ya ngozi, kuoga peke yake hakumwondoi, hata ukioga mara tatu kwa siku. Kwa hiyo tuache kusema kwamba mwenye upele ni mchafu. Maneno hayo yanawafanya watu wafiche, na kufichwa ndiko kunakoueneza. Upele hupita kutoka ngozi hadi ngozi: watoto wanaolala ngozi moja ya ng'ombe, mume na mke, mama na anayenyonya, wanafunzi wa bweni wanaobanana kitanda kimoja. Kuoga kunasaidia kwa njia nyingine: vidonda vya kujikuna haviingii usaha.

Jambo la kushika zaidi ni hili. Mtu anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku tayari anawapa wengine. Unaona shida ilipo? Mama anampeleka dispensari mtoto anayelia. Anapewa dawa, anampaka, mtoto anapona. Lakini dada yake, ambaye hakuwashwa, alikuwa nao tangu mwezi uliopita. Baada ya muda mtoto yule yule anarudi kujikuna, na mama anasema dawa ya serikali haina nguvu.

Wafugaji wanalijua jambo hili kuliko daktari yeyote. Ukitaka kumaliza kupe, je, utaogesha mbuzi mmoja aliye na kupe wengi, halafu umrudishe katika zizi lenye mbuzi hamsini ambao hawakuogeshwa? Kila mtu hapa atakucheka. Lakini watoto wetu tunawaogesha hivyo hivyo, mmoja mmoja.

Hapo ndipo kikundi kina kazi ambayo mama mmoja hawezi. Chukueni manyatta moja, tuseme nyumba 10 zenye watu 6 kila moja. Hao ni watu 60. Andikeni majina yote, wanaowashwa na wasiowashwa, mzee na mtoto mchanga. Mpelekeeni orodha muuguzi wa dispensari au mhudumu wa afya ya jamii kabla ya siku yenyewe, ili ajue dawa ngapi zinahitajika na nani apewe ipi. Mkienda watu 60 bila taarifa mtakuta chupa tatu.

Dawa zinazotumika ni kadhaa. Kuna ile nyeupe kama maziwa ambayo wauguzi huiita BBE. Watoto hupewa iliyozimuliwa. Kuna krimu ya permethrin. Kwa watoto wachanga kuna mafuta ya salfa. Kuna pia vidonge vya ivermectin, ambavyo hutolewa kwa uzito wa mtu, mara mbili, siku 7 hadi 14 kati ya ya kwanza na ya pili. Vidonge hivyo havipewi mama mjamzito wala mtoto asiyefika kilo 15. Aina na kipimo aamue muuguzi. Kazi ya kikundi ni kuhakikisha mambo mawili: kwamba dawa ya kupaka imepakwa kila mahali kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, pamoja na chini ya kucha na mahali pa aibu, wala si pale panapowasha tu, na kwamba watu wote wamefanya siku moja. Anayenawa mikono baada ya kupaka apake tena mikono.

Maji ya siku hiyo hesabuni mapema. Watu 60 kwa lita 3 ni lita 180, yaani jerikeni 9 za lita 20. Punda watatu wanatosha. Kikundi kinaweza kuchangia maji hayo kama kinavyochangia harusi au msiba.

Je, nguo na mablanketi? Hapa wengi hukata tamaa, kwa sababu wanaambiwa wafue kila kitu kwa maji ya moto. Maji hayo yatoke wapi? Mdudu huyu akitoka mwilini mwa mtu haishi zaidi ya siku 2 au 3. Basi nguo, leso na mablanketi yaliyotumika vifungeni ndani ya gunia la plastiki au sanduku la bati, vikae siku 3 bila kuguswa, kisha vianikwe juani. (Mifuko ya nailoni ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo tumieni magunia ya sukari au ya unga.) Fueni zile chache tu za kuvaa siku hiyo. Ngozi za kulalia zitolewe nje, ziachwe juani siku 3 bila kulaliwa.

Wapo watu wanaosahauliwa kila mara: vijana walio fora na mifugo. Wanalala pamoja wakishiriki shuka moja miezi mizima, kisha wanarudi nyumbani usiku na kulala na wadogo zao. Boma lililotibiwa vizuri linaharibika kwa kijana mmoja. Mtumeni mtu apeleke dawa fora wiki ile ile, au kijana akirudi apakwe dawa kabla hajalala ndani. Mzee wa boma akilisema neno hili lina nguvu kuliko akilisema muuguzi.

Na ngamia? Ngamia wana upele wao, na anayewakamua au kuwapaka dawa anaweza kuwashwa mikononi na mapajani. Mdudu wa ngamia haishi sana kwa mtu. Kuwasha huko huisha ngamia akitibiwa. Tibuni ngamia, msimalize dawa za watoto.

Baada ya dawa, mwili unaweza kuendelea kuwasha wiki 2 hadi 4, ingawa wadudu wamekufa. Msipake dawa tena na tena kwa hofu, ngozi itaungua. Lakini vikitokea vipele vipya, au kuwasha kukizidi mwezi mmoja, rudini dispensari. Na mtoto mwenye vidonda vya usaha, anayevimba uso asubuhi au kukojoa mkojo wa rangi ya chai nyeusi, apelekwe siku hiyo hiyo. Hiyo ni dalili ya mafigo.

VITU VYA KUACHA KABISA

Tutasema wazi. Dawa ya kuogeshea mifugo si ya watoto. Tunaelewa kwa nini mtu anaifikiria: iko nyumbani tayari, na inaua kupe. Lakini ni sumu, inapita kwenye ngozi, zaidi ngozi yenye vidonda, na mtoto anaweza kutetemeka, kutokwa na mate, kushindwa kupumua na kufa. Sindano ya ivermectin ya mifugo pia msinywe wala msijidunge. Nguvu yake imepimwa kwa ng'ombe. Petroli na mafuta ya taa kichwani kwa ajili ya chawa zimewaunguza watoto wengi, maana jiko haliko mbali. Oili chafu ya gari na maji ya betri hatuna hata la kusema.

Kisha kuna vile vitubu vidogo vya krimu vinavyouzwa sokoni bila maelezo, ambavyo kila mtu anapakia kila kitu. Vingi vina dawa ya nguvu ya kutuliza uvimbe. Ukipaka kwenye mashilingi (wengine huita choa), wekundu unatulia siku mbili, huku kuvu wenyewe wanaenea chini kwa chini. Ukipaka usoni miezi mingi, ngozi inakuwa nyembamba na kutoka mishipa na chunusi. Krimu za kung'arisha ndizo mbaya kuliko zote. Baadhi zina zebaki, na zebaki huharibu mafigo na ubongo, hata wa mtoto aliye tumboni. Mataifa yalikubaliana kuizuia zebaki katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Msichana akisema anataka kuwa mweupe kama mke wa fulani, shangazi zake wamwambie ukweli: ile rangi yake nyeusi ndiyo mwavuli wake dhidi ya jua hili la Isiolo. Wenye ualbino, ambao hawana mwavuli huo, wavae kofia pana na mikono mirefu, na waulize ofisi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu juu ya mafuta ya kuzuia jua yanayotolewa bure.

NYWELE

Hapa kina mama wanajua zaidi kuliko sisi, kwa hiyo tutakuwa wafupi.

Siagi (dhadha) kichwani ni nzuri. Inalainisha nywele na kuzuia ngozi ya kichwa isikauke. Iwe mbichi na safi, na ioshwe kabla haijachacha na kushika vumbi. Kwa kuosha, wenzetu Wasomali hutumia qasil, majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa. Yana povu lake lenyewe, hayahitaji sabuni, na maji ya kusuuzia ni machache. Mkunazi tunao. Kikundi chenye kinu kinaweza kutwanga, kuchekecha na kuuza kwa vipimo vidogo. Mti huo msiupogoe wote kwa mwaka mmoja, kwani kunazi ni chakula cha watoto na majani ni ya mbuzi.

Mshubiri nao, ule utelezi wa ndani wa jani, unatuliza ngozi iliyoungua na jua. Maji ya njano yaliyo chini ya ganda yanawasha, yaacheni yachuruzike kwanza. Kwa matumizi ya nyumbani jani moja linatosha. Kikundi kinachofikiria biashara ya mshubiri wa porini kiulize kwanza Shirika la Wanyamapori, KWS, kwa kuwa uvunaji wake wa kuuza unahitaji kibali. Ulipigwa marufuku mwaka 1986, kisha mwaka 2007 zikawekwa kanuni.

Kusuka kwa kubana sana kunang'oa nywele za pembeni, na zikishang'oka miaka mingi hazirudi. Ikiwa msichana hawezi kufumba macho vizuri kwa sababu ya kubanwa, fungueni. Hina ya majani haina neno. Ile nyeusi, piko, iliyochanganywa na dawa ya kutia nywele rangi, imewaunguza maharusi mikono na kuacha makovu. Harusi ni siku moja tu.

Mashilingi ya kichwani kwa watoto, yale madoa yenye magamba ambapo nywele zimekatika, hayaponi kwa kupaka. Kuvu wameingia ndani ya mzizi wa nywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi wiki 6 hadi 8, na wengi huacha wiki ya pili wakiona nafuu. Chanuo na kofia asichangie na mwingine. Chawa wanatoka kwa mafuta mengi na chanuo lenye meno ya karibu, mkirudia kila siku chache kwa wiki mbili, kwani mayai huchukua kama wiki moja kuanguliwa. Wembe wa kunyolea ni wa mtu mmoja. Damu ndogo isiyoonekana inaweza kubeba virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini, na wembe mpya ni shilingi chache.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika boma lenu, ni nani wanaolala pamoja kila usiku? Mkiandika orodha ya dawa, nani angesahauliwa?

2. Sasa hivi vijana wenu wa fora wako wapi, na nani ataenda huko wiki hii?

3. Je, kuna nyumba ambayo dawa ya mifugo huwekwa mahali mtoto anaweza kufikia, au kwenye chupa ya soda? Nani ataihamisha leo?

4. Jerikeni 9 kwa siku moja: mtazitoa wapi wakati wa kiangazi, na nani ana punda?

5. Chagueni watu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wa kwenda kuonana na muuguzi kabla ya mkutano ujao. Waulize hasa kama dawa ya watoto wachanga ipo.